Nataka radiolojia, na nataka kupambana na saratani: je, Nairobi inatosha?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni daktari kijana. Nilimaliza uanagenzi mwaka jana na sasa nafanya kazi katika hospitali moja hapa Nairobi. Moyo wangu uko kwenye saratani, lakini chuoni somo lililonivutia zaidi ni radiolojia, yaani kusoma picha za ndani ya mwili. Wakubwa wangu kazini wananiambia nikitaka kutibu saratani nisomee onkolojia, kwa kuwa mwanaradiolojia hukaa kwenye chumba cha giza akiandika ripoti, na utafiti wa picha hufanywa ng'ambo kwenye mashine za bei ghali. Wengine wanasema kompyuta itaimaliza kazi hiyo kabla sijahitimu. Je, kuna maisha ya utafiti wa radiolojia na saratani kwa mtu anayetaka kubaki Nairobi? Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, daktari. Maisha hayo yapo, na hulazimiki kuchagua kati ya picha na tiba. Nitajibu kwa urefu kwa sababu ushauri uliopewa umesimama juu ya wazo ambalo nimelisikia tangu nikiwa mwanafunzi: kwamba picha hutangulia, matibabu hufuata, na mwanaradiolojia huagana na mgonjwa hapo katikati. Wagonjwa wa saratani hawatibiwi hivyo, na hawajawahi kutibiwa hivyo.

Angalia CT yenyewe, mashine ya eksirei inayotoa picha za mwili kipande kwa kipande, ilikotoka. Mwaka 1956 Allan Cormack, mwanafizikia mzaliwa wa Johannesburg aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Cape Town, aliombwa asaidie siku chache za wiki katika hospitali ya Groote Schuur. Pale aliona jinsi dozi za tiba ya mionzi zilivyopangwa. Mwili wa mgonjwa ulihesabiwa kana kwamba ni kitu kimoja tu, mfupa, pafu na msuli vyote sawa, ilhali kila kimoja hupunguza mionzi kwa kiasi chake. Akajiuliza: mtu aliye nje ya mwili atakijuaje kiasi hicho kwa kila sehemu ya ndani? Hesabu zake alizichapisha mwaka 1963 na 1964, na karibu hakuna aliyezijali. Godfrey Hounsfield, bila kuzijua hesabu hizo, alitengeneza Uingereza mashine iliyompiga picha mgonjwa wa kwanza mjini London Oktoba 1971, na mwaka 1979 wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa pamoja. Kwa hiyo mzizi mmoja wa mashine ambayo leo inaunguruma karibu kila hospitali kubwa ya Nairobi ni swali la tiba ya saratani, lililoulizwa katika hospitali ya Afrika na mtu aliyekuwa na muda mchache na vifaa vichache.

Sasa njoo kwa mgonjwa wetu wa kila siku. Mama anafika kliniki akivuja damu, na kinyama kilichochukuliwa kinaonyesha saratani ya mlango wa kizazi. Kwa miaka mingi hatua ya saratani hii ilipangwa kwa vidole vya daktari wa wanawake na vipimo vichache vya kawaida, kwa sababu nchi zenye wagonjwa wengi ndizo zilizokuwa na mashine chache. Mwaka 2018 shirikisho la kimataifa la madaktari wa wanawake, FIGO, lilibadilisha mpangilio huo na kuruhusu picha zihesabiwe. Mgonjwa ambaye tezi zake za limfu zimeshambuliwa sasa huwekwa hatua ya IIIC: IIIC1 kama ni tezi za nyonga, IIIC2 kama ni zile zilizo kando ya aota, mshipa mkuu wa damu unaotoka moyoni. Ushahidi ukitoka kwenye picha, herufi ndogo r huandikwa pembeni.

Fikiria uzito wa uamuzi huo. Tezi ikionekana kando ya aota, uwanja wa mionzi hupanuliwa kwenda juu ya tumbo, na utumbo hupata mionzi ambayo isingeufikia. Ikiwa haipo, mgonjwa huepushwa na hayo. Figo ikiwa imevimba kwa sababu uvimbe umeubana mrija wa mkojo, huyo ni hatua ya IIIB hata kama kidole hakikuhisi kitu. Mionzi inapoanza, daktari wa tiba ya mionzi huchora mipaka ya uvimbe juu ya vipande vya CT. Na zamu ya mionzi ya ndani, ile inayowekwa ndani ya mwili karibu na uvimbe, inapofika, wale wanaoipanga kwa MRI, picha zinazotumia sumaku, wamepata matokeo ambayo kizazi cha walimu wangu kisingeyaamini. Utafiti wa EMBRACE ulioanzia Ulaya, uliochapishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba miaka mitano baada ya tiba ugonjwa ulikuwa umedhibitiwa pale ulipoanzia kwa asilimia 92 ya wagonjwa. Ni vigumu kunionyesha, katika safari yote hiyo, siku ambayo picha iliacha kuwa sehemu ya tiba.

Kwa hiyo wakikuambia usomee onkolojia ili utibu, wape heshima yao, ila usikubali kwamba ukisoma radiolojia umejitenga na tiba. Swali ambalo ningependa ukae nalo ni aina ya mwanaradiolojia utakayekuwa. Kuna anayeeleza anachokiona. Kuna mwingine anayejua daktari aliye upande wa pili anataka kuamua nini, kisha akapima kile tu kitakachomsaidia kuamua. Utafiti wa maana huanza kwa huyu wa pili.

Kazi ambayo huwapa wanafunzi wangu waisome kabla ya nyingine yoyote ni ya Gina Brown na wenzake nchini Uingereza. Mwaka 1999 walichapisha utafiti wa MRI kwa wagonjwa 28 wa saratani ya puru, ile sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Rudia idadi hiyo, daktari: 28. Idara ya ukubwa wa kawaida Nairobi inaweza kuwafikisha. Kilichowatofautisha ni swali walilolibeba, nalo lilitoka kwenye chumba cha upasuaji. Puru imezungukwa na mafuta, na mafuta hayo yamefunikwa na utando mwembamba sana. Mpasuaji hodari huutoa mzigo wote pamoja, utando ukiwa mzima. Lakini uvimbe ukiwa umeufikia utando, au umebakisha milimita moja kuufikia, kuna hatari kubwa ya seli za saratani kubaki nyuma, na ugonjwa ukirudi ndani ya nyonga huleta maumivu ambayo hata mofini hushindwa kuyatuliza vizuri. Alichohitaji mpasuaji kukijua kabla ya kushika kisu ni kimoja: ukingo ule uko salama au hauko?

Brown na wenzake walionyesha kwamba MRI yenye vipande vyembamba inaweza kuuona utando na kupima umbali huo. Kazi hiyo ikakua, ikawa utafiti wa MERCURY, uliochapishwa mwaka 2006 kwa wagonjwa 408 kutoka hospitali za nchi kadhaa za Ulaya. Wanaradiolojia walioshiriki walifundishwa kwanza kusoma picha kwa namna moja. Wanapatholojia, madaktari wanaochunguza nyama za mwili maabarani, nao waliukata mzigo uliotolewa kwa namna moja, ili kipande cha MRI na kipande cha maabara viweze kuwekwa ubavu kwa ubavu. Miongoni mwa wagonjwa ambao ukingo wao ulikuwa safi kweli, MRI ilikuwa imesema hivyo kabla ya upasuaji kwa asilimia 92. Baadaye wagonjwa hao hao walifuatiliwa kwa miaka, ikaonekana kwamba kipimo kile cha MRI kilitabiri pia nani ugonjwa ungemrudia na nani angeishi. Leo mgonjwa mwenye ukingo salama anaweza kwenda moja kwa moja kwa mpasuaji, na mwenye ukingo ulio hatarini hutangulizwa mionzi na dawa ili uvimbe urudi nyuma. Watu wengi ulimwenguni wameepushwa na mionzi wasiyoihitaji, na wengine wameepushwa na upasuaji ambao ungewaachia saratani mwilini, kwa sababu wanaradiolojia waliuliza kuhusu milimita moja.

Nimekaa hapo kwa muda kwa sababu kazi ile ina kila kitu unachohitaji kujifunza. Swali lilikuwa jembamba, na lilitoka kwa mtu aliyekuwa na uamuzi mgumu mkononi. Wote walipima kwa namna moja. Picha ililinganishwa na ukweli wa mwanapatholojia. Mgonjwa alifuatwa hadi mwisho. Hapa kwetu sehemu mbili za mwisho ndizo hutuangusha. Nimesoma tasnifu nyingi nzuri za picha zinazoishia kwenye picha: wagonjwa kadhaa walikuwa na hiki, kadhaa walikuwa na kile. Uvimbe ulipotolewa ulionekanaje? Mgonjwa aliishi? Hakuna anayejua.

Kuhusu kupima, usilidharau jambo hili kwa kuwa linaonekana dogo. Ukisikia dawa mpya ya saratani imeonyesha matumaini, mara nyingi nyuma ya habari hiyo kuna mwanaradiolojia na rula. Kanuni zinazoitwa RECIST, zilizotoka mwaka 2000 na kurekebishwa mwaka 2009, zinasema jumla ya vipenyo vya uvimbe uliochaguliwa ikipungua kwa asilimia 30 au zaidi, mgonjwa ameitikia dawa kwa sehemu. Ikiongezeka kwa asilimia 20 au zaidi, tena kwa milimita 5 angalau, ugonjwa umesonga mbele. Sasa chukua uvimbe wa milimita 50. Daktari mmoja anaupima leo, mwingine anaupima baada ya miezi miwili kwenye kipande tofauti na kwa pembe tofauti. Milimita chache za kutoelewana zinaweza kumwondolea mama dawa inayomsaidia, au kumwachia inayomdhuru bure. Kujua wanaradiolojia wa hospitali yako wanakubaliana kwa kiasi gani wanapopima uvimbe ule ule ni utafiti halali kabisa. Gharama yake ni muda na uaminifu tu, na idara itakayoufanya itabadilika hata kabla haujachapishwa.

Umesema utafiti hufanywa ng'ambo. Mwingi, ndiyo. Lakini kuna maswali ambayo ng'ambo hawawezi kuyajibu kwa niaba yetu, na hapo ndipo ningependa macho yako yatue.

La kwanza ni kifua kikuu. Picha ya PET hufanya kazi kwa kumpa mgonjwa sukari iliyofungwa florini-18 yenye mionzi, kisha kuangalia seli zipi zinaila kwa pupa. Florini hiyo hupoteza nusu ya nguvu zake kila dakika 110 hivi, ndiyo maana ni lazima itengenezwe karibu na mgonjwa, kwenye saiklotroni, mashine ya kutengenezea vitu vyenye mionzi. Wakenya wengi walikuwa wakisafiri hadi India kwa ajili ya picha hii. Hospitali ya Aga Khan hapa Nairobi ilianza kuitoa mwaka 2018, na baadaye ile ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta ikapata saiklotroni na mashine zake. Tatizo ni kwamba seli za ulinzi zinazopigana na kifua kikuu nazo hula sukari kwa pupa. Tezi ya kifua yenye kifua kikuu inaweza kung'aa kama tezi ya saratani. Virusi vya Ukimwi navyo hufanya tezi zing'ae. Vitabu vilivyoandikwa katika miji ambako kifua kikuu ni nadra vitakuambia tezi iliyong'aa kwa mgonjwa wa limfoma (saratani ya mfumo wa limfu) au saratani ya pafu ichukuliwe kuwa ugonjwa umesambaa. Ukiyafuata maelekezo hayo hapa bila kufikiri, utamnyima mtu upasuaji ambao ungemponya. Je, kuna namna ya mng'ao, mahali pa tezi, umbo lake kwenye CT, vinavyoweza kututofautishia? Ni wakati gani sindano ya kuchukua kinyama ni ya lazima kabla hatujamwambia mgonjwa kwamba ugonjwa umefika mbali? Maswali haya yana uzito Nairobi, Kampala, Mumbai na Johannesburg, na wa kuyajibu ni sisi tunaoishi na magonjwa yote mawili chini ya paa moja.

Hali ni hiyo hiyo kwa uchunguzi wa mapema wa saratani ya mapafu. Mwaka 2011 utafiti mkubwa wa Marekani, NLST, uliohusisha watu zaidi ya 53,000 waliovuta sigara sana, ulionyesha kwamba CT ya dozi ndogo hupunguza vifo vya saratani ya pafu kwa asilimia 20. Ni matokeo makubwa. Lakini peleka CT hiyo Kayole au Kibera na utakuta makovu na vinundu vya kifua kikuu cha zamani kwenye mapafu mengi, na kila kinundu kitamletea mtu hofu, gharama na pengine sindano kifuani. Anayetaka kupanga uchunguzi huo kwa ajili ya Kenya hana budi kuanza kwa kuvijua vinundu vyetu.

Saratani ya matiti, ambayo ndiyo inayogunduliwa zaidi nchini, ina mambo yake. Wagonjwa wetu wengi ni vijana kuliko wale wa Ulaya, na titi la kijana huwa zito kwenye mamografia, yaani eksirei ya matiti, na uvimbe hujificha. Mwaka 2005 utafiti ulioongozwa na mwanaradiolojia Etta Pisano, ulioandikisha wanawake 49,528 wa Marekani na Kanada, ulionyesha kwamba mamografia ya kidijitali huwafaa zaidi wanawake wa chini ya miaka 50 na wenye matiti mazito. Mashine za kidijitali zilisambazwa katika kaunti kuanzia mwaka 2015 kupitia mpango wa serikali wa kukodisha vifaa. Mwanamke mwenyewe, hata hivyo, mara nyingi huja akiwa tayari amegusa uvimbe kwa mkono wake, na kwake swali halihusu uchunguzi wa mapema tena. Linahusu muda: ni siku ngapi zinapita kati ya altrasaundi, sindano, jibu la maabara na dozi ya kwanza? Ikiwa mwanaradiolojia aliyeuona uvimbe kwa altrasaundi anaweza kuchukua kinyama papo hapo, siku ile ile, je, tunaokoa wiki ngapi? Kwa maoni yangu utafiti wa namna hii unaheshimiwa pungufu ya unavyostahili. Hauna rangi za kuvutia za PET, lakini ndio unaomgusa mama anayepanda matatu kutoka Githurai akiwa na nauli ya siku moja.

Umio ningeuandikia kurasa nyingi, ila nitapita haraka. Kenya iko kwenye ukanda wa mashariki mwa Afrika ambako saratani ya umio ni ya kawaida kuliko sehemu nyingi za dunia, hasa magharibi mwa Bonde la Ufa, na hospitali ya Tenwek kule Bomet imekuwa ikiweka stenti za chuma, mirija ya kuuweka umio wazi, ili wagonjwa waweze kumeza tena. Wengi hufika wamechelewa. Yeyote atakayeonyesha njia ya picha, nafuu na ya kuaminika, ya kumtenga yule anayeweza kupona na yule anayehitaji kusaidiwa kumeza, atakuwa amewatumikia watu wa nyumbani.

Halafu kuna jambo ambalo huenda wakubwa wako hawakukuambia. Sehemu ya radiolojia hutibu kwa mikono. Tunaongoza sindano na mirija kwa altrasaundi, CT au eksirei ya moja kwa moja. Mwaka 2002 tafiti mbili, moja ya Barcelona na nyingine ya Hong Kong, zilionyesha kwamba wagonjwa waliochaguliwa vizuri wa saratani ya ini huishi muda mrefu zaidi wakipelekewa dawa na vizibo kupitia mshipa unaoulisha uvimbe. Lakini mfano wa kwetu ulio karibu zaidi ni yule mama wa mlango wa kizazi mwenye figo zilizovimba. Tangu mwaka 1999 tiba yake ya kawaida ni mionzi pamoja na dawa ya cisplatin kila wiki, na cisplatin huumiza figo. Kreatinini yake, kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo, ikiwa juu, dawa haitolewi. Mwanaradiolojia anaweza kupitisha mrija mgongoni hadi kwenye figo, mkojo ukatoka, kreatinini ikashuka, na mgonjwa akaanza tiba ambayo alikuwa amekosa. Ila mrija huo pia huziba, hupata maambukizi, na huhitaji kubadilishwa. Kwa mgonjwa ambaye saratani imeenea mno, unaweza kumwongezea siku za hospitali bila kumwongezea uhai wenye nafuu. Nani anufaike, nani aachwe kwa amani? Nitafurahi sana kuona daktari kijana wa Nairobi akilibeba swali hilo kwa miaka kumi. Hilo peke yake linatosha kuwa kazi ya maisha.

Kuhusu kompyuta. Mwaka 2016 Geoffrey Hinton, mmoja wa waasisi wa akili mnemba ya leo, alisema hadharani kwamba watu waache kufundisha wanaradiolojia, kwa kuwa ndani ya miaka mitano mashine zingewapita. Miaka hiyo imepita na bado foleni ya picha zisizosomwa ni ndefu. Hata hivyo nisingekushauri uipuuze. Nchini Sweden, utafiti wa MASAI uliotoa matokeo yake ya kwanza mwaka 2023, ukiwa na wanawake zaidi ya 80,000, ulionyesha kwamba mamografia zikisomwa kwa msaada wa akili mnemba, kazi ya kusoma hupungua kwa asilimia 44 bila saratani kukosekana zaidi. Kwa nchi yenye wanaradiolojia wachache, ambao wengi wetu tumejazana mjini, hiyo ni habari njema. Lakini programu iliyofundishwa kwa picha za wanawake wa Ulaya, kwenye mashine zao, haijathibitika kwa mwanamke wa Mathare hadi mtu aithibitishe. Kuna nafasi pana ya kazi hapo: kukusanya picha zetu, kuziwekea majibu ya kweli ya maabara, na kuipima programu kabla hospitali haijalipia. Ukiweza kujifunza takwimu vizuri na kuandika msimbo kidogo, utakuwa mtu wa kutafutwa.

Sasa njia yenyewe. Utahitaji shahada ya umahiri ya radiolojia. Chuo Kikuu cha Nairobi huitoa, huku mafunzo yakifanyika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, na Chuo Kikuu cha Aga Khan pia hapa hapa mjini. Usikubali kupewa mada ya tasnifu kwa sababu ni rahisi kumaliza. Tasnifu ndiyo jiwe lako la kwanza, na ukiichagua ndani ya saratani moja, utafiti wa pili na wa tatu utaegemea hapo. Baada ya shahada nenda ukajifunze ubingwa wa ndani zaidi, hata ng'ambo, mwaka mmoja au miwili. Nakuhimiza uende, mradi uende na swali la nyumbani mfukoni. Anayekwenda bila swali hurudi na swali la wenyeji wake, na mara nyingi hana mashine wala wagonjwa wa kulijibia hapa.

Taratibu zetu zifuate tangu mwanzo. Utahitaji kibali cha kamati ya maadili ya hospitali au chuo, leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, na ulindaji wa taarifa za mgonjwa kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Picha ya CT hubeba jina la mtu ndani ya faili lake, na ya kichwa inaweza hata kujengwa upya ikatoa sura. Kuondoa utambulisho huo ni kazi ya kujifunza, usimwachie mtu wa kompyuta peke yake.

Kikwazo kikubwa utakachokutana nacho ni mgonjwa kupotea. Picha zetu nyingi bado hutembea na wagonjwa kwenye bahasha kubwa na santuri. Amepigwa CT Ngara, altrasaundi Eastleigh, upasuaji Kenyatta, na mionzi kwingine. Hospitali zinaanza kuhifadhi picha kwenye mitambo ya kidijitali, lakini mitambo hiyo mara nyingi haizungumzi yenyewe kwa yenyewe. Anza mapema kujenga daftari lako la wagonjwa lenye kibali: nani, picha ipi, jibu gani la maabara, alifanyiwa nini, yuko wapi leo. Omba nambari mbili za simu, yake na ya ndugu. Jifunze pia kufanya kazi na Sajili ya Saratani ya Nairobi iliyoko KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, tangu mwaka 2001, kwa sababu wao wamebeba kwa miaka mingi kazi ngumu ya kujua nani aliugua nini.

Na pesa? Nitakuambia waziwazi, maana hapa ndipo vijana wengi wazuri hupotea. Mwanaradiolojia mpya Nairobi anaweza kujaza jioni zake zote kwa kusoma picha za hospitali za binafsi kupitia mtandao, akilipwa kwa kila ripoti. Mshahara wa chuo hauwezi kushindana na hilo, na ruzuku za utafiti huja kwa kusuasua. Simlaumu anayefuata malipo hayo, ada za watoto hazisubiri. Ushauri wangu ni kwamba tangu mwezi wako wa kwanza wa ubingwa utenge siku moja ya wiki ambayo huisomei mtu ripoti, na uilinde mbele ya mkuu wa idara, mbele ya familia na mbele yako mwenyewe. Bila siku hiyo, hata nia njema kuliko zote huishia kwenye mazungumzo ya chai.

Wiki hii, kabla hujajaza fomu yoyote ya chuo, ulizia kikao cha jopo la saratani katika hospitali unayofanyia kazi au iliyo karibu. Omba ruhusa ya kukaa nyuma na kusikiliza. Usiandike majina. Andika kila mahali ambapo mpasuaji, daktari wa mionzi na daktari wa dawa wanasimama wakamgeukia mwanaradiolojia na kumuuliza kitu, kisha yeye akashindwa kuwajibu kwa uhakika. Fanya hivyo kwa miezi michache. Utaona maswali yale yale yanarudi. Chagua moja, liandike kwa sentensi isiyozidi mistari miwili, umpelekee yule daktari aliyeliuliza zaidi, na umwambie: nikikuletea jibu la hili, utambadilishia nini mgonjwa wako? Akikosa la kusema, tafuta swali jingine. Akikutajia jambo, muulize kama atakubali kuwa msimamizi wako wa pili, kisha mtafute mwanapatholojia wa kushirikiana naye kabla hujaanza kukusanya hata picha moja.